Minazi ya Manyoya

Sanga hakutengeneza mti ambao hajauona kwa macho yake. Shem, mwenzake wa meza moja katika karakana ya Ukunda, alimcheka sana kwa hilo. Kazi yao ilikuwa modeli, mifano midogo ya majengo ambayo hayajajengwa. Shem alikata kuta na mapaa ya hoteli kwa kadibodi ngumu. Sanga alitengeneza vilivyobaki, yaani miti, nyasi, mchanga, maji, ua na watu.

"Buda, mti ni mti," Shem alimwambia mara nyingi. "Weka green, weka brown, client afurahi. Hakuna mtu anauliza huu mti ni wa nani."

"Kwetu huulizwa," Sanga alijibu, akaendelea kusokota waya.

Kazi ile hakufundishwa na mtu. Zamani alikuwa fundi wa kuezeka makuti mahotelini. Hoteli zilipoanza kufungwa baada ya vurugu za mwaka wa tisini na saba, alikaa nyumbani bila kazi, mpaka siku moja mchoraji majengo aliyeitwa Gillian akamwuliza kama angeweza kuezeka banda lenye ukubwa wa kiganja. Aliliezeka. Gillian akamwomba mnazi mmoja wa kusimama kando ya banda hilo, na hapo ndipo Sanga alipohangaika. Kuti la karatasi lilionekana karatasi. Majani mabichi yalijikunja yakikauka. Mwishowe aliokota unyoya wa kuku uani, akaupunguza kwa mkasi, akaona una uti na vijani vyake, umelegea mwishoni kama kuti lenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa akienda Kombani siku za soko kuchagua manyoya kwa wachinja kuku, na kuyatia rangi ya mkeka, ile ambayo wanawake hutia ukindu. Shina alilisokota kwa waya wa stima, akalizungushia nyuzi za kilifu zilizochambuliwa kwenye makuti ya kweli. Nyasi zilikuwa unga wa mbao. Watu walikuwa punje za mchele, kwa kuwa katika kipimo cha Gillian mtu mzima hakuzidi punje moja.

"Sanga!" Shem alipiga kelele asubuhi moja, ameshika mkebe. "Mchele umeingia wadudu. Watalii wako wameliwa wote."

"Wote?"

"Wote. Hata kwenye modeli hawakai Diani."

Walicheka mpaka Shem akafuta machozi. Nyumba yake ya Likoni ilikuwa imechomwa katika vurugu zile, watu wa bara walipofukuzwa pwani, akarudi kwao Siaya, kisha akateremka tena pwani kwa sababu huko kwao hakukuwa na kazi ya kadibodi. Habari hiyo hakuizungumza. Ila mfuko wake wa nguo ulikaa chini ya meza umefungwa, na Sanga hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Mwaka wa tisini na tisa, Gillian alileta kazi kubwa kuliko zote walizowahi kuzifanya pale. Kampuni moja ilikuwa imenunua ardhi ya ufukweni ng'ambo ya Msambweni, ikitaka kujenga hoteli wakati bei ya ardhi iko chini. Gillian alitandaza ramani mezani, na Sanga akaisoma kwa kidole. Kidole kilisimama. Ilikuwa Mwachigodi, kijiji alichozaliwa.

Alijua kwamba ardhi imeuzwa. Kila mtu alijua. Watu wa Mwachigodi walikuwa wameishi pale tangu mababu, lakini hati ilikuwa mikononi mwa tajiri mmoja wa Mombasa, na hati ikiuzwa hakuna anayeuliza makaburi. Kampuni ilikuwa imewatengea viwanja upande wa bara. Watu walikuwa wamekubali kwa shingo upande, isipokuwa mmoja, na wengine walikuwa wakimngoja huyo. Alikuwa Mbodze, dadake Sanga.

Sanga alikwenda kuitazama miti kama kawaida yake. Alimkuta dadake ameketi kwenye kibao mlangoni, anashona makuti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kusalimu au kupima?"

"Yote mawili."

"Basi anza kusalimu. Kupima hakuna adabu." Akamsogezea kigoda. "Watu wanasema wewe ndiye unayewajengea hiyo hoteli yao ya kitoto."

"Mimi natengeneza miti tu."

"Miti gani?"

"Hii iliyopo."

Mbodze aliacha kushona. Alitazama nyuma ya nyumba, ambako mnazi mmoja ulisimama peke yake. Ulikuwa umepinda karibu na ardhi kama goti, kwa sababu mbuzi aliuvuta ukiwa mchanga, kisha ukajirekebisha na kupanda wima. Chini yake kilizikwa kitovu cha Boga, mwanawe wa pekee, na mche wa mnazi huo ulipandwa juu ya kitovu siku hiyo hiyo. Boga aliondoka asubuhi moja kwenda Likoni kutafuta kibarua cha kupakua mizigo. Ilikuwa wiki ile ya vurugu. Hakurudi, hakuonekana hospitali wala kituoni wala kwa jamaa yeyote. Walimtafuta mpaka Vanga, kwa kudhani labda alikimbilia mpakani. Mwalimu wa madrasa alikuwa tayari kumsalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, na wanawake walikuwa tayari kwa matanga, lakini Mbodze alikataa yote. Alisema mtu aliyepotea hurudi pale kilipo kitovu chake, na yeye hangeondoka pale na kumwachia mwanawe uwanja mtupu.

"Na huu?" aliuliza. "Nao utautengeneza?"

Huko Mwachigodi ardhi haikuwahi kuwa ya mtu kwa karatasi, lakini mti ulikuwa wa aliyeupanda. Mtu aliweza kuhama, nyumba yake ikaanguka, uwanja ukalimwa na mwingine, naye akaja kila msimu kuangua nazi zake bila kubisha hodi. Ugomvi ukitokea, mwenye mti alisimama kando yake mbele ya watu na kusema, huu ni wangu. Asipojitokeza wa kumpinga, basi maneno yameisha, na mti uliotajwa mbele ya watu haukatwi. Sanga alikulia ndani ya desturi hiyo. Kwa hiyo alipofikiri kwamba modeli itawekwa barazani, mbele ya kampuni na mbele ya chifu, aliona wazi kwamba mti utakaosimama juu yake utakuwa umetajwa. Hakuona njia nyingine ya kulielewa jambo hilo.

"Nitauweka," alisema. "Na goti lake. Wote watauona."

Mbodze alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayekagua kazi ya ushoni.

"Ukiwapo huo, mimi nitahama," alisema. "Hata bara nitakwenda. Nitakuwa nakuja kuangua, na siku Boga akija, wataniita. Sina haja ya nyumba."

Habari zilienea kabla Sanga hajafika barabarani. Mbodze amekubali.

Aliporudi karakanani aliifanya kazi hiyo kwa utulivu ambao Shem hakuuzoea. Alitengeneza mwembe wa jirani yao Ngala, wenye tawi lililokatwa na radi. Alitengeneza mikanju, ile mikorosho ya kwao, na mivinje ya ufukweni kwa nyuzi za katani. Mnazi wa Boga aliuacha wa mwisho. Goti lilimsumbua. Ukipinda waya sana rangi hupasuka, ukipinda kidogo mti unaonekana umelewa tu. Aliuvunja akauanza upya, zaidi ya mara moja, mpaka siku moja alipouweka mezani akauona umesimama vile vile unavyosimama nyuma ya nyumba ya dadake.

"Huu una roho," Shem alisema baadaye.

Sanga aliuchomeka mahali pake kwenye modeli, akaenda zake Kombani kutafuta manyoya ya kutengenezea ua wa hoteli.

Siku hiyo hiyo Gillian alikuja na mabadiliko. Wenye kampuni walitaka bwawa la kuogelea liwe pana zaidi, lifike mpaka nyuma. Shem alikata kioo kipya, akakipaka rangi ya samawati kwa chini na vanishi kwa juu. Sanga aliporudi alikuta maji yanang'aa mahali pa nyumba ya dadake, na mnazi wenye goti umehamia langoni, kando ya kibanda cha mlinzi.

"Nani aliuhamisha?"

"Mimi," Shem alisema. "Ulikuwa unasimama ndani ya pool. Ningeutupa, lakini ni msupuu sana, nikauweka hapo mbele wageni wauone. Kwani vipi?"

Sanga alimgeukia Gillian, aliyekuwa akikunja ramani zake.

"Madam, na miti ya kweli? Itabaki ilipo?"

Gillian hakuwa mtu wa kudanganya, na swali lenyewe lilimshangaza. "Ile iliyo nje ya majengo huenda ikabaki," alisema. "Huenda, Sanga. Mimi nachora, lakini mwenye kuamua ni mwenye pesa. Palipo na bwawa itang'olewa, hilo ni lazima."

"Na hii niliyotengeneza?"

"Hii ni mapambo. Ni ya kumsaidia mtu apapende mahali." Akamtazama vizuri. "Wewe unajua hivyo. Umeifanya kazi hii miaka miwili."

Ni kweli alijua. Alikuwa ameweka minazi mahali pasipo na mnazi, na bustani kwenye mawe matupu, na hakuna aliyeitwa mwongo kwa sababu hiyo. Lakini alikuwa amelijua jambo hilo kwenye ardhi za watu wengine. Hakuwa amelileta kwao hata siku moja.

Ijumaa alikwenda Mwachigodi akiwa amepanga maneno. Alimkuta Mbodze amekwisha bomoa paa la jiko, makuti mazuri ameyafunga mizigo mizigo, yaliyooza ameyachoma. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tangu Boga apotee dadake alikuwa hapiki ila cha kutuliza njaa.

"Kaa ule," alimwambia. "Nazi ni zake, za mnazi wake. Nimemwambia Ngala aniangulie chache, nikaonje kama ni tamu bado."

"Dada..."

"Kula kwanza. Umekonda, hao watu wa Ukunda wanakulisha kadibodi?" Akacheka. Hilo nalo Sanga alikuwa hajalisikia kwa muda mrefu.

Alikula. Maneno aliyoyapanga yalirudi naye Ukunda.

Baraza lilifanyika katika darasa la shule ya msingi, kwa sababu kulikuwa na mvua za rasharasha. Modeli iliwekwa juu ya madawati yaliyounganishwa. Msemaji wa kampuni aliitwa Trevor, kijana mwenye shati safi na sauti ya upole, aliyewasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja. Alieleza habari ya kazi zitakazopatikana, na maji ya bomba huko bara. Lakini watu hawakumsikiliza sana, kwa kuwa walikuwa wameinama juu ya meza.

"Hawa ni watu?" Ngala aliuliza, ameelekeza kidole. "Mbona hawana miguu?"

"Ni wazungu, wamelala juani," mwanamke mmoja alimjibu. "Huyo mnene ndiye wewe ukishapata kazi huko."

"Ngoja, ngoja. Jamani! Huu si mwembe wangu? Tazameni tawi la radi!"

Darasa lilichangamka. Kila mtu alitafuta wake. Mmoja alipata mkanju, mwingine alipata mvinje aliofungia mbuzi utotoni, na walisema kwa sauti, huu wangu, huu wa marehemu baba, na waliokuwa karibu wakaitikia ndiyo, ni wako. Trevor alitabasamu. Alidhani wanafurahia uzuri wa kazi. Sanga, aliyesimama ukutani pamoja na Shem na Gillian, ndiye peke yake kati ya hao watatu aliyeelewa kilichokuwa kikifanyika.

Mbodze alikuwa wa mwisho kusogea. Alianzia ufukweni, akapanda taratibu kwa macho, akafika kwenye maji ya samawati, akasimama. Alitafuta tena. Mwishowe aliuona langoni.

"Mnazi wangu mbona uko huku?"

"Umeuona, mama?" Trevor alisema. "Vizuri sana. Mti wako upo, usiwe na wasiwasi."

"Upo langoni. Mimi nyumba yangu haiko langoni. Mnazi wangu haujatembea tangu nilipoupanda."

Watu walicheka. Mbodze hakucheka, wala hakukasirika. Aligeuza shingo mpaka akampata ndugu yake ukutani.

"Sanga. Wewe ndiye uliyeutengeneza. Sema wewe, mbele ya watu. Mnazi wa Boga utabaki au hautabaki?"

Kicheko kilikatika. Sanga alijua kwamba akisema ndiyo, dadake angehama siku ya pili yake akiwa na moyo mweupe, na yeye angepata kazi nyingine kwa Trevor huyo huyo. Alijua pia kwamba ndiyo yake barazani ingekuwa ushahidi, na huo ungekuwa ushahidi wa uongo juu ya mti wa mtu.

"Hautabaki, dada," alisema. "Pale patachimbwa bwawa. Miti hii yote ni mapambo. Tunaiweka ili kazi ipendeze. Haisemi lolote."

"Hata mwembe wangu?" Ngala aliuliza.

"Sijui, kaka Ngala. Hakuna anayejua."

"Sasa kwa nini ukaufanya kama wangu? Kwa nini ukaliweka hata tawi la radi?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Trevor alianza kusema kwamba fundi amechoka, amefanya kazi usiku na mchana, lakini Gillian akamkata. "Anasema kweli," alisema. Alivuta kiti, akakaa.

Watu walitoka mmoja mmoja kwenye rasharasha. Hapakuwa na vurugu. Hakuna kilichobadilika kwa kampuni, kwa kuwa hati ilikuwa ni ile ile. Familia moja moja zilichukua viwanja vyao vya bara, maana mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia. Gillian hakuletewa tena kazi na kampuni ile, na Sanga hakuletewa tena kazi na Gillian kwa miezi mingi. Alifikiri dadake hangemtaka tena uwanjani kwake. Lakini ni yeye aliyemtumia salamu, kwamba aje na shoka.

Shem alisema atakwenda naye. "Wewe kazi yako ni feathers," alisema. "Mti wa ukweli utakushinda." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwa wenyeji tangu nyumba yake ilipochomwa, na njiani alimfuata Sanga kwa karibu, kisigino kwa kidole.

Mbodze aliwapokea uwanjani. Alikuwa amefagia mpaka nyuma ya nyumba. Majirani waliobaki walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande wao, wanaume wao, na mwalimu wa madrasa miongoni mwao. Hakuna aliyekuwa ameambiwa ni shughuli gani, na wote walikuwa wanajua.

"Mashine itakuja kuung'oa kama mti usio na mwenyewe," Mbodze alimwambia ndugu yake. "Sitaki. Una wenyewe. Ukateni nyinyi."

"Dada, wewe ulisema..."

"Nilisema mengi. Kata, Sanga."

Walikata kwa zamu, juu ya lile goti. Mnazi ni mgumu kwa nje, na shoka lilirukaruka mwanzoni. Shem alivua shati. Mti ulipoanza kulia, Ngala aliwavuta watu nyuma, nao ukalala upande wa bahari, mahali pasipo na kitu. Hapo ndipo mwalimu aliposimama, akawapanga wanaume safu, wakamsalia Boga bila mwili mbele yao. Mbodze alisikiliza mpaka mwisho. Alipolia, alilia kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye karibu, na wanawake wakamwitikia.

Mnazi ukiangushwa, hakitupwi kile kichilema, moyo mweupe ulio ndani ya kilele. Ni kitamu, kina utamu wa nazi changa, na watoto hukigombania. Sanga alikipasua akamletea dadake sinia zima. Mbodze alikikata vipande kwa kisu cha jikoni, akampa kila mtu kwa mkono wake, akaanza na mwalimu, akamalizia Shem.

Shem alikishika kipande chake asijue la kufanya. "Mama, pole sana," alisema. "Kwetu mtu akipotea, mwili ukose, tunazika tunda la mti unaitwa yago. Tunalifanyia kila kitu kama ni yeye."

"Tunda hilo huliwa?"

"Hapana, mama. Haliliwi."

Mbodze alikitazama kipande mkononi mwa Shem. "Mmepata nafuu nyinyi," alisema. "Kula, mwanangu."

Shem alikula. Wote walikula, na hapakuwa na mtoto aliyeomba kuongezwa.

Sinia lilibaki na kipande kimoja. Mbodze alikifunika kwa sahani, kama mama anavyomfunikia chakula mwanawe aliyechelewa kurudi. Watu waliaga. Sanga alifunga mikeka, Shem akasaidia kubeba mizigo ya makuti mpaka barabarani, ambako gari la kwenda bara lingepita. Walipomrudia Mbodze walimkuta ameketi chini kando ya sinia. Sahani ilikuwa imefunuliwa. Alikuwa anatafuna polepole, macho yake yakitazama uwanja, na alipomaliza aliosha sahani ile kwa maji kidogo yaliyobaki mtungini, akaitia kapuni pamoja na vyombo vingine.